Pima Tundu Kabla ya Kununua Bomba

(Maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tuliombwa tuyaandike, na tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema.)

Tumeambiwa tuna nusu saa, na katibu ana saa mkononi, kwa hivyo hatutazunguka.

Sisi ni kikundi cha akina mama 22, na wazee 3 walioingia baadaye walipoona mambo si mabaya. Wengi wenu mnatujua kwa mbuzi wa maziwa. Leo hatukuja kusema habari za mbuzi. Tumekuja kusema habari za maji ya nyumbani, hasa kazi ya kuunga kitu kipya kwenye mabomba ya zamani: mfereji mpya, tangi jipya, sinki, au bomba jipya mahali pa lile lililooza. Kazi hiyo tuliifanya vibaya mara ya kwanza, na pesa zilizopotea zilikuwa za merigoraundi. Pesa za merigoraundi si mnazijua? Zina wenyewe 22, na kila mmoja anazikumbuka mpaka senti ya mwisho.

Upande wetu mradi wa maji ulijengwa kwa harambee mwaka 1986. Watu walichimba mitaro kwa zamu, na mabomba yaliyowekwa yalikuwa ya chuma, yale yaliyopakwa zinki. Yametusaidia miaka mingi, hatuyasemi vibaya. Lakini kutu ni kutu. Kufikia mwaka 2019 nyumba nyingi zilikuwa na mabomba yanayolia machozi kwenye viungio, na maji ya kwanza asubuhi yalitoka na rangi ya chai ya rangi. Basi tukakubaliana kwamba merigoraundi ya mwaka ule haitakuwa sufuria wala blanketi. Kila mwezi tutatengeneza maji ya nyumba moja.

Tulianza na nyumba ya nyanya mmoja, mkubwa wetu kwa umri, anayeishi na wajukuu wawili na ng'ombe mmoja. Kwake kuna tangi juu ya jukwaa la mawe. Maji ya mradi huingia humo usiku, kisha bomba hushuka kutoka kwenye tangi mita 40 hadi jikoni. Mweka hazina na mwenzake wakatumwa kwenda kupima. Walifanya kama vile yeyote kati yenu angefanya: waliingia jikoni, wakafungua ule mfereji mbovu, wakautia mfukoni na kwenda nao mjini. Mwenye duka akautazama akasema, "Huu ni wa nusu inchi." Akawapa mabomba ya plastiki ya kijani, yale ya kuchomelea kwa moto, ya milimita 20, vipande 10 vya mita 4, pamoja na elbo, soketi na mfereji unaong'aa. Wala hakuwadanganya. Mfereji ulikuwa wa nusu inchi kweli. Fundi akaja na mashine yake na jenereta, akamaliza kwa siku moja. Tukapiga makofi, tukanywa chai, tukapigwa picha.

Wiki kama tatu zikapita. Mmoja wetu ambaye ni jirani wa nyanya akatuambia kwamba kila siku saa kumi usiku anaona taa ya jikoni kwake inawaka. Tulimwuliza, "Nyanya, kuna mgonjwa?" Akasema hakuna, ila wazee hawana usingizi. Hatukuridhika. Jioni moja tukaenda, tukafungua ule mfereji mpya. Maji yalitoka membamba kama uzi wa kufumia. Tukaweka mtungi wa lita 20 chini yake na kutazama saa. Karibu dakika 6! Yule mjukuu mdogo ndiye aliyesema ukweli: "Bomba la zamani lilikuwa linajaza upesi kuliko hili. Sasa nyanya anaamka usiku ajaze ya ng'ombe na ya shule."

Hebu fikirieni. Nyumba ile hutumia mitungi 10 kwa siku. Dakika 6 mara 10 ni saa nzima ya kusimama jikoni gizani, mahali ambapo zamani alitumia nusu saa na bomba bovu. Naye alinyamaza, kwa sababu kile kilikuwa zawadi ya kikundi, na kwetu zawadi haikosolewi. Angeendelea hivyo mpaka miguu ikatae.

Hatutawaficha kwamba tuligombana. Kuna waliosema mweka hazina alipe. Kuna waliosema fundi alipe. Kuna mmoja aliyesema ati kikundi kivunjwe kila mtu achukue chake. Mkutano ule ulikwisha usiku, na waliobaki tuliamua kwamba kabla ya kumlipisha mtu yeyote, kwanza tujue maji yamekwenda wapi. Mabomba ya chuma yaliyong'olewa yalikuwa bado yamerundikwa nyuma ya zizi. Tukachukua msumeno wa chuma, tukakata kipande kutoka katikati na kukitazama ndani.

Kumbe bomba lile halikuwa la nusu inchi hata kidogo. Lilikuwa la robo tatu tangu kwenye tangi mpaka kwenye ukuta wa jikoni. Nusu inchi ilikuwa ni ule mkono mfupi tu wa mwisho, kama urefu wa mkono wa mtu, ulioungwa kwa soketi ya kupunguza. Wale waliolaza bomba mwaka 1986 walijua wanachofanya: njia ndefu ipewe bomba kubwa, mdomo upewe dogo. Sisi tulipima mdomo tukadhani tumepima njia. Tundu la lile la chuma, hata na kutu yake yote, lilikuwa bado pana kuliko tundu la plastiki tuliyoinunua.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu ndipo penye kazi.

Ukichukua bomba la chuma la nusu inchi ukalipima kwa rula, hutapata nusu inchi popote. Nusu inchi ni milimita 12.7. Lakini bomba hilo kwa nje ni kama milimita 21, na tundu lake kwa ndani ni kama 16. "Nusu inchi" ni jina tu, kama vile mtu anaweza kuitwa Mrefu na akawa mfupi. La robo tatu kwa nje ni kama milimita 27. La inchi moja ni kama 34. Shikeni namba hizo tatu: 21, 27, 34. Ukikuta bomba la chuma ukutani, zungusha uzi kulizunguka, pima urefu wa uzi kwa milimita, ugawanye kwa 3.14, utapata upana wake wa nje. Mtoto wa darasa la saba atakufanyia hesabu hiyo. Pima mahali pa chuma kitupu, si juu ya soketi wala juu ya rangi nene.

Plastiki nayo ina desturi nyingine. Namba yake ni ya upana wa nje, tena kwa milimita. Bomba la 20 lina upana wa nje wa 20. Tundu lake linategemea unene wa ukuta. Lile la kijani tulilonunua lilikuwa la aina nzito inayofaa pia maji ya moto, ukuta wake ni milimita 3.4. Toa ukuta mara mbili, unabaki na tundu la milimita 13 na kidogo. Maji hayajui jina la bomba. Yanajua tundu. Mita 40 za tundu la 13, na tangi likiwa limebaki nusu, uso wa maji uko juu ya mfereji kwa mita moja tu ya kuyasukuma! Mwache nyanya aamke usiku.

Tena kuna mtego mwingine. Bomba la kijani la 25, lile zito, lina tundu la kama 16 na nusu. Bomba jeusi la kukunja, lile linalouzwa kwa roli, la 25 hiyo hiyo lakini lenye ukuta wa milimita 2.3, lina tundu la kama 20. Namba moja, matundu mawili. Ndiyo sababu tunasema usiingie dukani na jina. Ingia na rula, na utazame ndani ya kitu unachonunua.

Binti ya mmoja wetu ni mwuguzi huko Uingereza. Tulipomsimulia mkasa huu kwa simu alicheka sana, akatuambia hata huko yapo. Kule kwenye baridi, nyumba hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka katika mabomba na kupita ndani ya redieta zilizotundikwa ukutani. Redieta yake ilitoboka kwa kutu, akanunua nyingine aliyoiona inatoshana nayo. Ya zamani ilikuwa ya kipimo cha inchi, mpya ni ya milimita, na mabomba mawili yanayotoka sakafuni hayakukutana na midomo yake. Fundi akamwambia angepima kwanza kutoka katikati ya bomba hili hadi katikati ya lile. Tena mabomba yao ya shaba yalihamia milimita miaka ya 1970: la nusu inchi likawa la 15, nayo hayo hukubaliana, lakini la robo tatu likawa la 22, na hilo halishiki kwenye la zamani bila kiungio chake maalum. Basi tukajua ujinga huu si wetu peke yetu.

Haya, turudi kwa nyanya. Tulichimbua mtaro upya, tukalaza roli jeusi la 25 mita 40 zote, bila kiungio hata kimoja katikati. Hiyo nayo ni faida: kiungio kisichokuwepo hakivuji. Ndani ya ukuta wa jikoni tulibakiza kipande kifupi cha kijani. Mtungi sasa hujaa kwa kama dakika 2. Yale mabomba ya kijani yaliyong'olewa hatukuyatupa. Yametumika kwa mikono mifupi ya jikoni katika nyumba zilizofuata. Gharama ya roli tuliigawanya kwa watu wote. Mweka hazina hakulipishwa, kwa maana sote tulipiga makofi siku ile.

Kutoka hapo hakuna nyumba tunayogusa kabla ya kufanya kipimo cha mtungi. Unaweka mtungi wa lita 20 chini ya mfereji, unafungua wote, unaandika dakika. Unaandika pia tangi limejaa kiasi gani, kwa sababu tangi tupu na tangi jaa si sawa. Baada ya kazi unapima tena, tangi likiwa kiasi kile kile. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na ukimwajiri fundi kimwonyeshe kabla hajaanza, aandike sahihi chini yake. Fundi mzuri hatakataa.

Sasa habari ya kuunga plastiki na chuma. Hapa tumevunja vitu vingi.

Ukiwa na mfereji au bomba la chuma lenye tredi za nje, yaani ile mistari ya kukazia, usilikazie ndani ya soketi ya plastiki tupu. Tredi za chuma hunenepa kadiri zinavyoingia, na plastiki hupasuka. Mara nyingine haipasuki siku ile. Hupasuka wiki moja baadaye usiku, nanyi mmelala. Nunueni soketi ambayo ndani yake mna pete ya shaba nyeupe au ya njano yenye tredi. Ni ghali kidogo, ilipieni. Au geuza mambo: chuma kiwe ndicho kinachopokea, plastiki ndiyo iingie ndani yake. Kisha kaza kwa mkono, na baada ya mkono zungusha spana kidogo tu. Wanaume wenye nguvu wapewe kazi ya kuchimba mtaro.

Wazee wetu walifunga tredi kwa katani na rangi. Kwa chuma juu ya chuma ni kazi nzuri hata leo. Kwa plastiki la hasha, kwa sababu katani hufura ikinywa maji na kusukuma plastiki. Tumieni ile tepu nyeupe. Tredi zikikutazama usoni, zungusha tepu upande ule ambao mishale ya saa inaenda, mizunguko kama 8 au 10, uivute kidogo ilale ndani ya mistari. Ukizungusha kinyume, itajikusanya yote wakati wa kukaza, halafu utasema tepu ni mbovu.

Kufungua chuma cha zamani ni jambo la paipu renchi mbili, si moja. Moja inashika bomba linalobaki lisizunguke, ya pili inafungua. Katika nyumba ya tatu tulikuwa na moja tu. Tulifungua mfereji, na bila kuona tukavunja elbo iliyokuwa ndani ya ukuta. Tuliijua asubuhi ukuta ulipolowa mpaka kwenye kitanda cha mtoto. Ukuta ulibomolewa, na mwenye nyumba alikuwa mwenyekiti wetu. Tuendelee.

Chuma huoza kwanza kwenye tredi, kwa sababu pale ukuta wake ulichongwa ukawa mwembamba. Kwa hivyo ukiona tredi za zamani zimekatika-katika usizibembeleze kwa tepu nyingi. Kata nyuma mpaka ufikie chuma kizima. Ukigonga kwa nyundo kizima hulia, kilichooza husema puu. Halafu chonga tredi mpya kwa dai, ukitia mafuta mara kwa mara na kurudi nyuma kidogo kila baada ya nusu mzunguko ili chenga zikatike. Na kama hata kule nyuma chuma ni chembamba, acheni. Hapo hakuna kuunga, ng'oeni lote. Tuna kikundi jirani kilichounga bomba jipya kwenye lililooza, na kazi yao ilikaa imara kabisa: kiungio hakikuvuja, bomba la zamani likapasuka hatua mbili nyuma yake.

Kuhusu kuchomelea lile la kijani, mwachieni aliyejifunza, lakini msimame karibu mkitazama. Mashine huwekwa nyuzi 260. Bomba na soketi hukaa kwenye moto sekunde 5 kwa la 20, sekunde 7 kwa la 25, sekunde 8 kwa la 32. Kisha husukumwa moja kwa moja bila kusokota, na kushikwa kimya, halafu kiachwe kipoe dakika 2 kwa yale madogo na 4 kwa la 32 kabla ya kukivuta au kukitia maji. Fundi mwenye haraka huacha kwenye moto muda mrefu na kusukuma mno. Nje huonekana pazuri sana. Ndani plastiki iliyoyeyuka hujikunja ikafanya pete na kuziba sehemu ya tundu. Tulipokata viungio vya kazi yetu ya kwanza tulizikuta pete hizo, moja baada ya nyingine. Basi mwambieni fundi achomelee kiungio kimoja cha majaribio, mkikate katikati mbele yake, mtazame. Tena bomba liwe kavu; hata tone moja linaloshuka kutoka kwenye chuma huharibu mchomeleo. Na lisiachwe juani, jua hulichosha plastiki. Lizikwe au lifunikwe.

Kuzika, futi mbili zinatosha mahali pasipopita gari. Wekeni udongo laini kwanza, mawe baadaye, na mwenye shamba aonyeshwe njia ya bomba kabla ya msimu wa jembe. Mtaro uteremke wakati wote. Bomba la tangi likipanda kilima kidogo na kushuka tena, hewa hukaa pale juu, na maji yenye nguvu ndogo hayawezi kuisukuma. Mtu atabadilisha mfereji mara tatu akidhani umeziba, kumbe ni hewa. Kama kilima hakiepukiki, wekeni tii na koki ndogo pale juu ya kutolea hewa.

Mama mmoja ameniinulia mkono. Anauliza kama roli lile jeusi linafaa pia kutoka kwenye bomba kubwa la mradi hadi kwenye tangi. Ni swali zuri. Maji ya tangi hayana nguvu, lakini maji ya mradi yanayoshuka mlimani yana nguvu nyingi. Kila mita 10 za kimo ni baa moja. Kwenye bomba kumeandikwa herufi PN na namba. PN 6 inabeba baa 6, yaani kimo cha mita 60 na si zaidi. Kama tangi la mradi liko juu yenu mita 80, bomba la PN 6 litapasuka usiku watu wakifunga mifereji, maana maji yakisimama ndipo nguvu yote hushuka. Hapo nunueni PN 10 au zaidi, na mkumbuke kwamba ukuta ukiwa mnene tundu hupungua, kwa hivyo huenda mkahitaji namba inayofuata. Kamati yenu ya maji inajua vimo. Tena muwaulize kabla ya kugusa upande wa mita, kwa sababu upande ule si wenu.

Siku ya kazi yenyewe: msianze Jumamosi. Mkivunja kitu jioni, Jumapili duka limefungwa na nyumba haina maji hadi Jumatatu. Anzeni asubuhi ya siku ya kazi, na mitungi yote ya nyumba ijazwe usiku uliotangulia. Fungeni koki ya tangi polepole. Koki ambayo haijazungushwa miaka 20 huweza kukatika mtini, au ikazunguka bila kufunga chochote. Ikikataa, msipigane nayo; acheni tangi liishe maji, na hiyo koki iwe ya kwanza kubadilishwa. Fungueni mfereji wa chini kabisa maji yatoke, na wa juu hewa iingie.

Baada ya kuunga, msifunge mfereji mpya upesi. Acheni mdomo wazi, fungueni maji, yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi. Mkigonga-gonga chuma cha zamani, magamba ya kutu huachia, na yakiingia kwenye mfereji mpya washa yake hukatika wiki hiyo hiyo. Maji hayo ya kwanza mwagieni migomba. Halafu funga mfereji, jaza, na pitisha kipande cha karatasi kavu kwenye kila kiungio. Jicho hudanganyika, karatasi inalowa. Msifukie mtaro hadi kesho yake.

Katibu anatuonyesha saa. Tumalizie na vyombo. Tuna paipu renchi mbili kubwa, msumeno wa chuma, kalipa ya plastiki ya kupimia tundu, na dai za nusu na robo tatu. Tunaviazimisha kwa vikundi, si kwa mtu mmoja mmoja, na jina la kikundi huandikwa kitabuni. Mashine ya kuchomelea si yetu, ila tunaweza kuwaonyesha fundi aliye nayo. Ni yule yule wa kwanza, na sasa hukata kiungio cha majaribio bila kuambiwa. Tunapatikana Alhamisi, siku ya soko, chini ya mti karibu na duka la posho. Na kile kikundi kilichochukua dai ya robo tatu mwezi wa tatu, tunaiomba kabla ya mvua kuanza. Tuna nyumba mbili zinazoingoja.